Njia Niliyoifagia

Shule niliiacha mapema, na tangu hapo kila kazi inayonipeleka nisikokujua ndiyo shule yangu. Nilikuwa nikitengeneza simu mtaani kwetu Mutakura niliposikia kwamba ofisi moja ya kulinda misitu, iliyoko mtaa wa Mutanga Nord, inatafuta mtu wa kufunga kamera katika msitu wa Kibira. Sikuuliza mshahara. Niliuliza kamera inajuaje kwamba sokwe anapita. Wakasema inahisi joto la mwili wake. Nikapanda gari.

Aliyetuongoza alikuwa mama mmoja wa kabila la Watwa, wenyeji wa msitu huo, aliyejua Kiswahili kwa kuuza vyungu sokoni kwetu. Watu wake walitaka wakabidhiwe kipande cha msitu huo wakilinde wenyewe. Ofisi ilikubali kwa sharti moja: picha zionyeshe kwamba sokwe wapo pale wanaposema wapo. Mama alichagua njia, mimi nikafunga kamera.

Tuliporudi baada ya wiki tatu, picha zote zilikuwa za majani yakitikisika.

"Labda walihama," nikasema.

"Apana. Wako." Alichuchumaa, akapitisha kiganja chini. "Nani alifagia hapa?"

"Ni mimi, mama. Nilitaka picha ikuwe safi."

Alicheka hadi akashika mti. "Mutu wa mujini. Nyama ya pori ikikuta njia yake imechokorwa, itapita?"

Majani mapya yalikuwa yameshaanguka, nami nikamuuliza amejuaje. Akayafunua: chini yake palikuwa na udongo mtupu, bila yale majani meusi yaliyooza. Kisha akanipeleka hatua chache pembeni. Matunda yaliyotafunwa na kutemwa na sokwe yalikuwa bado na unyevunyevu.

Ofisini, mkubwa alikuwa ameanza kuandika kwamba wenyeji wamekosea. Nilijua naweza kufukuzwa. Nikamwambia nilifagia mbele ya kila kamera, kama tunavyofagia uani kila asubuhi. Akafuta alichoandika, akatuongezea wiki tatu nyingine.

Tulirudisha majani kwa mikono, yaliyooza kwanza, makavu juu. Safari hii, kwenye picha alipita sokwe jike na mwanawe mgongoni, na nyuma yake wengine.

Barua ya kuwakabidhi ulinzi niliipeleka mwenyewe. Mama alitaka nimsomee mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani.

"Sasa ukikuja, ni sisi tutakuonesha pa kukanyaga," akasema. "Na ufagio uache kwenu."

Nikamuuliza kesho wanaanzia njia ipi.