Hamisa hataki shikamoo, anataka kazi yake ifumuliwe

Saa kumi na mbili asubuhi, Mbagala Charambe. Hamisa Mwinjuma ameketi barazani kwake, miguu kwenye pedeli ya cherehani, wembe mkononi. Anafumua mkono wa gauni alioushona mwenyewe jana. Umekaa kombo.

"Mteja asingeona," anasema bila kuinua macho. "Mie nimeona."

Pembeni, juu ya meza ya kukatia vitambaa, kuna kompyuta ya mtumba yenye ufa kwenye kioo. Hamisa, mama wa watoto watatu mwenye miaka 43, anasomea stashahada ya kompyuta ili awe mhandisi wa programu. Kwa hesabu zake, leo angekuwa amekwisha kuhitimu. Hajahitimu, na ukimuuliza kwa nini, jiandae.

Aliacha shule kidato cha pili, baba yake alipofariki. Akiwa na miaka 36 akaanza upya: madarasa ya jioni ya watu wazima, mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, kisha chuo. Ada, karibu Sh1.2 milioni kwa mwaka, imetoka kwenye sketi za shule anazoshona kwa Sh7,000 moja.

"Sketi nimeshona mpaka ndotoni," anasema.

Kilichomwangusha hakikuwa ada wala hesabu. Kilikuwa heshima.

Mwaka jana chuo kilimpeleka field, yaani mafunzo ya kazini ya wiki nane, kwenye kampuni ndogo ya programu huko Sinza. Siku ya kwanza alipoingia, vijana wote sita walisimama. "Shikamoo mama." Akapewa kiti kizuri kuliko vyote, karibu na feni. Msimamizi wake, Revelian, mwenye miaka 26, akampa kazi ya kutengeneza programu ya kuhesabu dawa zinazobaki kwenye duka la mteja.

Kila jioni Hamisa alimwonyesha alichoandika. Kila jioni Revelian alitia sahihi kwenye daftari lake la mafunzo na kuandika: "Safi sana mama."

Wiki ya nane, Hamisa alifungua kumbukumbu za mfumo wa ofisi, zinazoonyesha nani kaandika mstari upi na nani kaufuta. Alikuwa ameandika mistari 214. Kila alipotoka ofisini, Revelian alikuwa akiifuta na kuandika ya kwake. Ya Hamisa ilibaki mitatu.

"Nikamuuliza, mwanangu, hii nini? Akainamisha kichwa. Ananiambia, 'Mama, mie ningeanzaje kukwambia umekosea? Wewe sawa na mama yangu mzazi.' Bora angenitukana."

Siku ya kutetea kazi chuoni, wahadhiri walimtaka aieleze ile programu. Akasema kweli, kwamba si yake. Akafelishwa na kuambiwa arudie mafunzo mwaka unaofuata. Akifeli tena anaondolewa chuoni, nafasi ya tatu hakuna.

Wapo watakaosema kijana wa watu kalelewa vizuri. Hamisa hataki kusikia. Kwake huo ni wizi uliovaa kanzu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hapa uchi ulifichwa na mtu mwingine, na mwenyewe akanyimwa hata habari.

"Cherehani nilifundishwa na Filomena, pale Temeke. Nikikosea, analifumua gauni zima mbele ya wateja. Nilikuwaga nalia. Lakini leo si nashona? Hawa watoto walinipa shikamoo, hawakunipa kazi."

Hajitoi lawamani. "Nilipenda, usinione hivi. Kuitwa mama, kuachiwa kiti, nikaona stahili yangu. Kila siku safi sana, na mie fundi mzima sikujiuliza. Filomena miaka miwili hakuniambia safi sana hata mara moja."

Chuo kilipomtaka achague pa kurudia, alichagua Sinza palepale. Alipoingia, vijana wakasimama. Kabla hawajafungua kinywa, akaweka wembe juu ya meza ya Revelian.

"Shikamoo zenu nazipokea getini," akawaambia. "Humu ndani mie Hamisa, na kazi yangu mtaifumua mbele yangu."

Revelian anakiri kuwa jasho lilimtoka. "Siku tatu za mwanzo nilikuwa namtumia makosa yake kwa meseji, na amekaa hapa ubavuni mwangu," anasema. "Siku ya nne akaninyang'anya simu."

Sasa ni wiki ya tano. Kwenye daftari, ukurasa wa Jumatatu umeandikwa: "Makosa tisa. Rudia." Hamisa ameupiga picha, na humwonyesha kila anayefika barazani, wakiwemo wateja wasiojua kompyuta inawashwa wapi.

Atatetea kazi yake mwezi ujao. Akifaulu, anataka kutengeneza programu ya mafundi cherehani ya kutunzia vipimo vya wateja, ambavyo leo vinakaa kwenye madaftari yanayoliwa na panya. Anataka pia kuajiriwa, na anajua mabosi wake watakuwa na umri wa wanawe.

"Sasa nisiwakute wananinyanyukia," anasema, akikata uzi kwa meno. "Wakae hapohapo kwenye viti vyao, waniambie mstari gani nimekosea."