Nilivyoshtakiwa Kuhubiri

Mwaka ule sabuni ilipoadimika, nepi za mwanangu nilikuwa nazifua kwa majani ya mpapai. Na kanisani kwetu Kitaji mwanamke alikuwa haruhusiwi kuhubiri. Mwanamume akisimama dakika mbili, amehubiri. Mwanamke akisimama saa nzima mpaka watu walie, wanaandikaga kwenye daftari: "Mama alisalimia."

Siku moja sabuni ikafika duka la ushirika pale Mukendo. Tukapanga foleni toka alfajiri, mimi na mtoto mgongoni. Mlango wa mbele ukabaki na kufuli, wa nyuma katoni zinatoka. Nikapanda juu ya kreti la soda, nikasema nilichokiona. Nikasema pia kwamba msimamizi wa duka ni mzee wa kanisa letu. Foleni nzima ikaitikia, "Amina!"

Jumapili nikaitwa mbele ya wazee. Kosa: nimehubiri. Adhabu: mtoto wangu habatizwi Pasaka.

"Ulisimama juu ya kitu?" akauliza mwenyekiti.

"Kreti, mzee."

"Basi hiyo ni mimbari."

"Lilikuwa limepasuka."

"Hata mimbari yetu imepasuka. Watu walisema Amina?"

"Walisema."

"Mara ngapi?"

Mzee mmoja aliyehamia kutoka Bunda akasema kule kwao Amina moja ni salamu, mahubiri yanaanziaga tatu. Mwingine akataka kujua kama nilifumba macho. Wakabishana mpaka mtoto akalowesha mgongo wangu. Kuhusu mlango wa nyuma hakuna aliyeuliza. Msimamizi mwenyewe amekaa hapo hapo, shati jeupe pe!

Mwisho mwenyekiti akatamka: "Mama, ulihubiri."

Nikajibu: "Sawa wazee wangu. Basi mimi ni mhubiri. Na hapa mtoto wa mhubiri hasubirigi Pasaka, anabatizwa Jumapili yoyote, hata leo mkitaka. Mbatizeni. Halafu mnipangie zamu yangu ya mimbari, nimalizie yale ya mlango wa nyuma."

Msimamizi akakohoa.

"Katibu," mwenyekiti akasema haraka, "futa hapo. Andika: mama alisalimia."

"Kwa sauti kubwa," msimamizi akadai.

Ikaandikwa hivyo. Pasaka mwanangu akabatizwa na nepi yake inayonuka mpapai. Sabuni mpaka leo sijaiona.