Mkanda wa Mashine na Unga wa Mama

Wenzangu, mimi nilikuwa mtu wa maneno mengi na mikono miepesi. Nilikuwa naendesha mashine ya kusaga pale Milanzi. Mkanda wake ulikuwa wazi, mfuniko ulishang'olewa zamani. Kila nikimkumbusha tajiri, mwenye mashine, jibu lilikuwa moja: "We dada, chapa kazi." Siku moja mkanda ukanasa mkono wa sweta langu, ukavuta vidole ndani. Jamani! Nilisikia mifupa ikivunjika kabla sijasikia maumivu.

Nyumbani Mama akafanya kile alichofundishwa na mama yake kule Kaengesa: akaujaza mkono unga wa ulezi ili damu ikate, akafunga khanga. Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba, unatoa usaha, unanuka hadi mimi mwenyewe nageuza uso. Hospitali daktari akauliza, "Huu unga kaweka nani?" Mama akatazama chini. Vidole viwili vikakatwa.

Tangu hapo Mama hakuugusa tena mkono wangu. Alikonda. "Nimekukata mimi, mwanangu," alikuwa akisema.

Nikamshtaki tajiri. Wakili wake akasema waziwazi: mashine ilijeruhi tu, aliyeozesha ni mama mtu. Mama yuko benchi la nyuma, anasikia yote! Nilitaka nifute kesi palepale.

Wakili wangu akanizuia. "Tulia, dada. Mahakama huanza na swali moja, hata kule Australia: bila kosa la tajiri, haya yangetokea?" Daktari akaitwa. Akaeleza kwamba vidole vile vilishasagika, visingepona hata ningefika saa ileile. Hakimu naye akasema, bila mkanda kuachwa wazi kusingekuwa na kidonda cha kufunga. Na mzazi kumhudumia mwanawe kwa anachokijua ni jambo ambalo mwenye mashine angeweza kulitarajia. Wa kubeba lawama ni tajiri.

Ee Mungu, nilivyoshusha pumzi! Namshukuru daktari yule kila siku. Nanyi nisikieni: kidonda ni maji safi, kitambaa safi, halafu hospitali moja kwa moja. Unga ni wa ugali. Na ukiumizwa kazini, usikubali lawama ziangushiwe watu wako.

Pale nje ya mahakama Mama aliushika mkono wangu mbele za watu. Akavigusa vidole vilivyobaki, kimoja kimoja, analia. Kisha akasema, "Haya, twende nyumbani. Leo nakuosha mimi."