Sanduku la Zinki la Bwana Chen

Siku yangu ya kwanza kazini, mtaa wa Digbeth hapa Birmingham, nilidhani natengeneza birika la kunyweshea ng'ombe. Karakana ilikuwa nyuma ya stendi ya mabasi ya safari ndefu, ndani ya ghala la matofali yaliyoingia weusi wa moshi. Fomeni, Mwingereza mnene mwenye aproni ya ngozi, alinipa bati la zinki, mkasi na vipimo, akaenda zake. Ufundi bati niliujifunza Tanga, nikitengeneza ndoo, mifereji ya mvua na masanduku ya wanafunzi, kwa hiyo mikono ilijua la kufanya. Mdomo ndio haukujua. Shule niliishia darasa la saba, na hata huko nilikuwa mtu wa haya. Nikiitwa kusoma mbele ya wenzangu, sauti ilinikauka. Nikakata, nikakunja kingo, nikalehemu, wala sikuuliza kitu.

Mchana Fomeni alirudi, akalijaza maji sanduku langu na kuchuchumaa kulitazama kwa chini.

"Halitoi jasho," alisema. Jasho ni lile tone dogo linalopenya kwenye mshono mbaya. "Umewahi kutengeneza haya?"

"Ya ng'ombe," nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kuokoteza.

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akajifuta macho. "Hili ni la mtu, kijana. Mtu anayerudi kwao kwa ndege."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi niliyoifanya mpaka nilipostaafu. Nawaandikia vijana wetu wa hapa Birmingham, ambao wengi mmechangia kusafirisha maiti lakini hamjui ndani ya jeneza mna nini. Ndani ya mbao mna sanduku la zinki. Maiti akishawekwa, kifuniko cha zinki kinalehemiwa pande zote, hewa isitoke wala isiingie, ndipo mbao inafungwa juu yake. Kulehemu ni kuyeyusha madini laini kwa chuma cha moto na kuyamwaga kwenye mshono. Kwanza unapaka dawa inayokula uchafu wa bati, maana lehemu haishiki palipo na uchafu. Chuma kikiwa moto kupita kiasi, zinki inatoboka. Kikipoa, lehemu inaganda juu juu kama mafuta ya kondoo, na mshono wa namna hiyo utaachia angani.

Fomeni alikuwa na sheria moja. "Ukianza mshono wa mwisho, huachi mpaka umalize," alisema kila alipopita nyuma yangu. "Usimwache mtu amefungwa nusu." Nilimpenda kwa hilo. Alipostaafu yeye, karakana ikafungwa, na ghala lile sasa ni ukumbi wa muziki.

Kutoka hapo nilipelekwa Sutton Coldfield, kwenye ofisi ya mazishi ya watu wenye nafasi. Meneja wa kule alitaka kazi ifanyike bila mtu kuiona wala kuisikia. Nilifanyia kazi chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Ile miaka ilinifaa mimi mwoga wa watu. Sikuwahi kuona uso wa ndugu hata mmoja.

Kisha nikahamishiwa mtaa wa Lozells, na mambo yakageuka. Mkurugenzi wa Mazishi pale alikuwa mama wa asili ya Jamaika, sauti kama kengele. Siku ya kwanza alinikuta nafunga mlango wa karakana.

"Unaufungia nini?"

"Ndugu wasione, mama."

"Hapa ndugu wanaona. Wengine watakuombea, wengine watakulilia begani. Zoea."

Sikuzoea upesi. Wasomali, Wakongo, Wapakistani, Watanzania wenzangu, wote walisimama ukutani wakati nalehemu, na swali lao lilikuwa lile lile: atafika salama? Nilikuwa naitikia kwa kichwa tu. Dereva wetu, Papa Bahati, Mkongo wa Bukavu, ndiye aliyenisemea. "Musiogope," aliwaambia. "Huyu Mutanga hasemi, lakini kazi yake inasema."

Miaka michache kabla sijastaafu, akaja Bi Rose. Alikuwa mama wa miaka sabini na kitu, mdogo wa umbo, macho ya Kichina na lafudhi ya Birmingham hasa. Alitaka kumfukua baba yake, Bwana Chen, aliyezikwa hapa mjini tangu yeye akiwa msichana, na kumrudisha China kijijini kwao. Mkurugenzi akanipa vipimo, nami nikatengeneza sanduku la mifupa: fupi, la kulala, kama jeneza la mtoto.

Bi Rose alipoliona alipapasa ukingo wake.

"Baba atalala humu?"

Mkurugenzi alinitazama, nami nikatazama viatu vyangu.

"Kwetu mifupa inaketi," Bi Rose alisema. "Unaanza na miguu, unapanda, magoti, nyonga, mbavu, mpaka kichwa kinakaa juu kabisa. Mtu anarudi nyumbani amekaa, anatazama mbele. Harudi amelala kama mzigo."

Nikakata bati jingine. Safari hii sanduku lilikuwa la kusimama, refu kama mtungi. Papa Bahati alipoingia akalizunguka.

"Weye Mutanga, hii iko ya muntu ao ya mwavuli?"

"Ya mtu. Amekaa."

"Mimi nimebeba watu miaka yote, hakuna aliyeomba kiti!" Lakini aliona uso wa Bi Rose, akavua kofia. "Pole, mama. Atakaa muzuri."

Bi Rose akawa anakuja kutazama kazi, na kwa kuwa mimi sisemi, yeye alisema. Baba yake alikuwa baharia. Wakati wa vita kuu ya pili meli za Waingereza zilichukua Wachina wengi kutoka bandari za Mashariki, zikawatia kwenye vyumba vya moto chini ya meli kwa ujira mdogo kuliko wa wenzao Waingereza. Wengine walizama. Waliobaki wakaoa Liverpool na kuzaa. Vita vilipokwisha, wakubwa wakaona hawawahitaji tena. Wakaanza kuwakusanya na kuwapakia melini kuwarudisha, wengi bila hata kuwaaga wake zao. Wanawake walikaa na chakula mezani wakidhani wametupwa.

Bwana Chen alikuwa ametoka kununua mafuta ya taa. Aliporudi akaona gari mlangoni mwa nyumba ya mabaharia na wenzake wakitolewa. Hakwenda mbele wala hakukimbia. Aligeuka taratibu na chupa yake ya mafuta, akaenda kwa Eileen, msichana wa Kiingereza aliyekuwa mchumba wake, na siku hiyo hiyo wakapanda treni kuja Birmingham, mji usio na bahari.

"Alifanya kazi kiwanda cha shaba," Bi Rose alisema. "Hakwenda tena pwani, hata tulipopelekwa na shule. Na nyumbani hakuvua viatu. Tunakula, ana viatu. Mtu akibisha hodi, mama anafungua, baba amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, kamba zimefungwa. Mpaka alipokufa."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisimulia aliyoyapokea kwa wazee wake, kwamba Wajerumani waliwahi kuleta Wachina kwa meli kulima mashamba yao upande wetu wa Tanga. Walifungwa kwa mkataba, wakafa wengi kwa homa, na waliosalia wakarudishwa walikotoka. Karibu na shamba letu palikuwa na matuta ya mawe ambayo hatukuruhusiwa kuyakanyaga. Tuliambiwa ni ya Wachina, basi. Hakuna aliyejua majina yao, wala aliyekuja kuwauliza. Nilitaka kumweleza hayo, nikainamia bati langu.

"Kabla baba hajafa aliniita," Bi Rose aliendelea. "Akasema: nikiwa hai nilikataa wanirudishe. Nikifa, nirudishe wewe. Nikamwahidi. Mimi ni mzee sasa, Bwana Hamisi. Nisipofanya mimi, hakuna wa kufanya."

Kibali cha kufukua kikapatikana. Siku hiyo Mkurugenzi alituita ofisini, akafunga mlango, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Rose, kuna kitu lazima ukisikie kwangu. Kaburi ni la watu wawili. Baba yako yuko chini. Mama yako yuko juu yake."

"Najua. Mimi ndiye niliyemzika."

"Basi ili tumfikie baba, tutamtoa mama kwanza. Kisha tutamrudisha. Peke yake."

Mikono ya Bi Rose ilikuwa mapajani, akawa anakunja na kukunjua glavu.

Wiki ile nilimaliza sanduku. Nililijaza maji, halikutoa jasho. Nikalikausha, nikaandika juu yake kwa chaki: JUU. Bi Rose akaja, akalizunguka, akaweka kiganja kwenye mdomo wa sanduku ulio wazi.

"Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" aliniuliza.

Miaka yote ile nilikuwa nikiulizwa kama mtu atafika. Hili sikuwahi kuulizwa. Mke wangu Mwanaidi alikuwa amelala makaburi ya hapa hapa, upande wa Waislamu, na mdogo wangu Athumani alikuwa hachoki kunipigia simu kutoka Tanga: kaka, rudi, usije ukafia ugenini. Ilinijia haya ile ile ya darasani.

"Mimi sijui mila za Kichina, mama," nikasema. "Lakini huyu bwana alikimbia nini, siku ile ya mafuta ya taa?"

"Meli."

"Meli tu?"

Alinitazama. Kisha akavuta kiti cha kazi, akakaa, na akalia bila sauti. Nilisimama karibu naye. Begani kwangu alikuwa ameshalia mtu zaidi ya mmoja, lakini yeye alilia amelishika sanduku.

"Alivaa viatu ndani ya nyumba maisha yake yote," alisema mwishowe, "ili wasije wakamtenga na mama. Wenye magari wameshindwa. Halafu nije mimi na koleo?"

Jioni ile alimpigia simu binamu yake kule kijijini, mtoto wa kaka wa Bwana Chen, aliyekwisha kuandaa mahali karibu na wazee wao. Alimweleza kwamba baba hafukuliwi tena, akiogopa atatukanwa. Binamu akamwambia kwamba pale kijijini yapo makaburi ya wanaume waliokwenda migodini na mashambani ng'ambo enzi za wakoloni wasionekane tena. Ndani yake hamna mifupa. Mna nguo zao.

Bi Rose alirudi na mkoba. Alitoa koti la kazi la rangi ya buluu, lenye matundu madogo ya cheche za shaba. Alitoa suruali, sweta alilolifuma mama yake Eileen, na kofia ya kitambaa. Mwisho akatoa viatu vyeusi vya ngozi, vimepakwa dawa vikang'aa. Mkurugenzi alikuwepo, na Papa Bahati, kofia mkononi.

Bi Rose akashika koti, akaliinamisha kwenye sanduku.

"Viatu kwanza, mama," nikasema.

Wote waligeuka. Nadhani walikuwa hawajawahi kunisikia nikitoa amri.

"Viatu kwanza. Ulinifundisha mwenyewe."

Akacheka huku machozi yanashuka. Akainama, akafungua kamba za viatu vile, zote mbili, akavilegeza kabisa, ndipo akaviweka chini. Akafuatisha suruali, kisha sweta, kisha koti amelikunja kifua kikitazama mbele. Kofia ikakaa juu. Papa Bahati akanong'ona, "Njo vile. Sasa amekaa."

Niliweka kifuniko, nikapaka dawa, nikachukua chuma. Nguo hazihitaji zinki, hilo Mkurugenzi alilijua na mimi nililijua, wala hakuna aliyelisema. Nililehemu mshono wote bila kusimama, kama Fomeni alivyonifundisha. Mwezi uliofuata Bi Rose alilisindikiza mwenyewe mpaka kijijini. Aliporudi alinipitia Lozells na kopo la chai, akasema limefika, halikulazwa njiani hata mara moja.

Sasa nimestaafu. Vyombo vyangu nimevipa ofisi, isipokuwa chuma kimoja chenye mpini ulioungua, ambacho kipo dirishani jikoni. Nimewafunga watu wengi warudi kwao, na sijutii. Wapo waliokuwa na mama anayesubiri uwanja wa ndege. Lakini kazi hii imenifunza kwamba kabla ya kuuliza vipimo, uliza kwanza mtu huyu alikuwa anakaa na nani.

Athumani bado anapiga simu. Juzi alipokata, binti yangu Zaituni, aliyezaliwa hapa na hunijibu kwa Kiingereza siku zote, aliacha vyombo alivyokuwa akiosha.

"Baba, kweli," alisema, na mara hii kwa Kiswahili, "tukuzike wapi?"

"Alipo mama yako."

"Na baba mdogo je? Atalia."

"Mpelekee koti langu la kazi," nikamwambia. "Lakini mwambie alivae, asilizike. Bado zima."