Marshe ya Karatasi

Ipo siku moja inayonijia kila ninapokaa peke yangu, mwanangu, na siku hizi nakaa peke yangu sana. Ni siku niliyotoka kwenye lango la kampuni moja ya shaba, upande wa kwenda mgodi wa Mashamba, nikapanda pikipiki mpaka shambani nikiwa na karatasi mfukoni. Kabla pikipiki haijasimama nilikuwa tayari nimepaza sauti kwamba tumepata marshe.

Neno hilo unalijua. Hapa Kolwezi marshe ni pale mama anapotandaza gunia lake na kupanga mafungu ya lengalenga, yaani mchicha, mteja akamwangalia usoni, wakabishana, wakaelewana. Lakini kwa watu wa ofisi marshe ni mkataba. Mimi nilisema la ofisini, akina mama wa pale shambani wakasikia la gunia. Walishangilia, nami nikaona wamenielewa, maana ndivyo nilivyotaka kuona.

Ngoja nikueleze nilikuwa nani, kwa sababu wewe umenikuta hivi, mzee wa kukohoa. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Mimi nilisoma kuliko jirani zangu, lakini kazi ya mgodi sikuipata. Ndipo akina mama waliokuwa wakilima kwenye mteremko ule wa kando ya kijito waliponichagua kuwa rais wa ushirika wao, ati kwa sababu nilijua kuandika barua. Sikuwa mtoto, ila ujana ulikuwa bado umenikaa kichwani. Nilijitengenezea muhuri kabla sijanunua jembe. Cheka tu, hata mimi nacheka.

Karatasi ile ilisema kwamba jikoni kwa kampuni wanataka shu, yaani kabichi, na wanaitaka kwa wingi kiangazi chote. Nikautazama mteremko wetu. Sehemu yote ya juu ilikuwa mihogo, na kwenye mihogo hiyo ndiko akina mama walikochuma sombe, majani yake ya mboga, kila jioni wakirudi nyumbani. Nikasema ing'olewe yote, hata ambayo haijakomaa.

Mama Kapinga alikuwa mkubwa kuliko wote pale, mjane, msemaji wa polepole. Aliinua mkono.

"Tata Muteba, ile marshe unasema, ni ya karatasi ao ya bantu?"

Swali lilikuwa wazi, mwanangu, ya ofisini au ya watu wa sokoni, na sikulijibu. Nilicheka, nikamjibu kwa Kifaransa, Kifaransa kirefu cha ofisini, chenye maneno ambayo hata mimi sikuyajua sawasawa. Wenzake wakainamisha macho. Yeye alikaa chini. Kesho yake mihogo iking'olewa, yeye peke yake alikataa kugusa kipande chake cha shamba, nami nikamwita mkaidi mbele za watu.

Kiangazi kile akina mama walibeba maji kwa ndoo kutoka kijitoni mpaka juu, asubuhi na jioni, migongo ikiwauma. Shu zikafunga vizuri. Gari la kampuni likaja, likaja tena, nami nikawa natembea mjini kifua mbele. Kisha wiki moja halikuja. Nilikwenda langoni, mlinzi akaniambia jikoni wameingia watu wengine, na hao wanaleta mboga zao kwa malori ya baridi kutoka ng'ambo ya mpaka. Nilimwonyesha karatasi yangu. Aliisoma yote, akanirudishia kwa adabu.

Shu zikapasukia shambani. Akina mama walizipeleka sokoni zote kwa wakati mmoja, kila gunia lina shu, sasa nani anunue za nani? Nyumbani watoto walikula ugali wa bukari na shu mpaka wakaikataa. Kilichonichoma zaidi ni kuwaona mama wale wamesimama kwenye gunia la mtu mwingine wakinunua sombe, wao ambao juzi tu walikuwa wakichuma yao. Waliniona. "Jambo, tata prezida," wakasema, wakapita.

Nilingoja wanitukane. Nilikaa ofisini, chumba kimoja chenye meza na kiti, nikingoja mtu aje anigombeze. Hakuja mtu. Mvua za kwanza zilipoanza nikasikia kwamba wote wamekwenda kwa Mama Kapinga kuomba vipande vya miti ya mihogo ya kupanda. Sisi pale shambani miti ya kupanda hatukuiuza. Mwenye nayo aliikata akagawa, ili naye siku yake ikiharibika apate kwa jirani. Mama yule aligawa mpaka kipande chake cha shamba kikabaki wazi.

Mimi nilikwenda wa mwisho. Nilimkuta uani akifunga miti kwa kamba, nikaanza kumweleza habari za kampuni, na jiko, na wale watu wapya. Aliniacha nimalize.

"Tata, makosa yako haiko shu," akasema. "Shu iko chakula. Mi nilikuuliza na Swahili, weye ukanijibu na Kifransa, ju nisisikie. Basi bale bamama banaona: huyu, hata tumuulize, hatatujibu. Habatakuuliza tena."

Nikamuuliza nifanye nini. Akanipa fungu la miti, akaniambia niende nikapande.

Nilipanda, na ikawa kama alivyosema. Mikutano ilihamia uani kwake. Hawakunifukuza, waliniachia cheo, na karatasi ikihitaji muhuri walinitumia. Kila nililosema walilikubali, ndiyo tata, ndiyo tata, halafu wakaenda kufanya walilokubaliana wao. Walipanda mihogo, mahindi, maharagwe, lengalenga chini kwenye unyevu, na shu kidogo. Waliuza kwanza kwa majirani, kampuni wakaipa ziada. Walifanya vizuri bila mimi. Ushirika haukufa, ndio huu uliokuchagua wewe kuwa katibu. Mama Kapinga alikwenda kwa watoto wake upande wa Sandoa, akafia huko kabla sijamwomba msamaha kwa mdomo wangu. Nilidhani kupanda ile miti kulitosha. Hakukutosha, na inaniuma.

Nina upweke, mwanangu, sioni haya kusema. Mke wangu ametangulia, watoto wangu wako Lubumbashi. Lakini upweke huu ni wa zamani kuliko hayo. Ulianza pale watu walipoacha kubishana nami.

Sasa umeniletea karatasi ya kampuni, unataka niisome. Nimeisoma, si mbaya. Usiing'olee kitu kinacholisha nyumba zenu. Anayenunua leo anaweza kuhama kesho, lakini jirani atakuwa na njaa kila jioni, basi panda kwanza cha jirani. Karatasi hii usiisome ofisini. Kaisome shambani mbele ya wote, kwa lugha wanayopikia, neno kwa neno. Mama yeyote akikuuliza swali, hata ukiliona la kijinga, mjibu mpaka yeye mwenyewe aseme amesikia. Usipojua, sema hujui. Na ukikosea, nenda siku ile ile ukaseme umekosea. Usikae ofisini kungoja kugombezwa kama mimi.

Mungu akubariki, mwanangu. Anyeshee mvua mashamba yenu, na vyungu vya nyumba zenu visikose mboga. Akupe watu wa kukukatalia usoni, wakukasirikie, kisha wakuite mle pamoja, mpaka uzee wako. Na kabla hujaondoka, keti kidogo. Nibishie, hata neno moja.