Tulipokwenda Kalemie kama Watalii

Mke wangu alizaliwa Kalemie, lakini mara ya kwanza mimi kuuona mji huo nilionyeshwa na kijana aliyelipwa kuonyesha wageni.

Safari yenyewe aliitafuta kaka yangu mkubwa. Ofisi moja ndogo ya usafiri ya hapa Lubumbashi ilikuwa imeianzisha kwa ajili ya watu wanaotaka kukimbia baridi ya mwezi wa saba: siku nne, ndege ya kwenda na kurudi, hoteli kando ya ziwa, na matembezi ya kila siku pamoja na kiongozi. Kaka alilipa bila kutuuliza. Alikuja Jumapili baada ya misa, akaketi sebuleni na koti lake mwilini, maana nyumba yetu ilikuwa baridi kuliko nje, akasema, "Hamuwezi kuendelea hivi. Muende mubadilishe hewa."

Binti yetu alikuwa amefariki mwezi wa pili. Hatukuwa na mwingine. Alikuwa mwaka wa kwanza wa udaktari, akashikwa na homa, na kabla wiki haijaisha tukawa tunapokea watu wa kilio uani. Tangu hapo mimi na mke wangu tuliishi kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Tulisalimiana. Tulipeana chumvi.

Nilidhani atakataa. Akasema, "Nitaenda. Lakini usimwambie muntu yeyote wa kwetu."

"Hata mama mudogo?"

"Huyo ndiye zaidi."

Mama mdogo wake ndiye aliyemlea, kwa sababu mama mzazi alikufa mapema. Hakuweza kufika kwenye mazishi. Ilikuwa mvua, barabara zimekatika, na tikiti ya ndege si kitu cha mjane auzaye unga wa muhogo. Na kwetu, asiyefika kwenye mazishi hana budi kulia siku atakapomwona mfiwa kwa mara ya kwanza. Mtaketi chini pamoja, atakuuliza ilikuwaje, nawe utasimulia tangu mwanzo. Mke wangu alilijua hilo. "Nimechoka kuliliwa, Papa," aliniambia. "Nataka kuona ziwa tu, kama muntu wa kupita."

Basi tukaenda kama watu wa kupita. Ndani ya ndege alikaa dirishani, kitambala cha kichwa kimefungwa chini hadi kwenye nyusi, na miwani nyeusi ambayo sikuwahi kuiona. Tulipotoka kwenye mawingu na ziwa likatokea, la kijivu, bila ng'ambo, aligeuza uso asinionyeshe kitu.

Kundi zima lilikuwa watu wanne. Wenzetu walikuwa mume na mke waliofunga ndoa mwezi uliotangulia: yeye bwana ni mfanyakazi wa benki, mpole, mwenye kupiga picha kila kitu, bibi ni mwalimu wa shule ya msingi, mchangamfu, ambaye kabla hatujatoka uwanja wa ndege alikuwa ameshaanza kumwita mke wangu Mama na kumbebea mfuko. Kiongozi wetu alitupokea na basi dogo. Alikuwa kijana wa kama miaka thelathini, shati limepigwa pasi vizuri, na maneno yake yalikuwa yamepigwa pasi vilevile. Akageuka kutoka kiti cha mbele, akatabasamu.

"Wazazi wetu, karibuni sana Kalemie. Muna watoto wangapi?"

Nilifungua mdomo.

"Moja," akasema mke wangu. "Musichana. Anasoma udaktari, sasa iko mwaka wa pili."

Mwaka wa pili. Alikuwa amempandisha darasa.

"Eh! Dokta!" akashangilia yule bibi arusi, na basi likaondoka.

Hoteli ilikuwa nzuri zamani. Katika miaka hii ziwa limepanda, likala ukuta wa mbele na vyumba vya chini, na usiku ulisikia maji yakigonga milango ya vyumba ambavyo hakuna mtu. Walitupa vyumba vya juu. Mchana ule tulizungushwa mjini: stesheni ya treni, bandari, jengo la posta, kiwanda kilichofungwa. Kiongozi alieleza, mke wangu akasikiliza na kuuliza maswali kama mgeni. Reli hii inaenda wapi? Samaki hawa mnawaitaje? Nikimtazama niliona kwamba hachezi. Alitaka kuambiwa upya.

Tukafika mahali barabara inapoingia majini. "Hapa palikuwa avenyu," akasema kiongozi. "Watu walihama wote, wakapanda mulimani." Kuta zisizo na paa zilisimama ndani ya ziwa, na mpera mmoja uliokauka, na kando ya mpera ule mwanamke aliyeinama akifua nguo. Bwana arusi alipiga picha. Mke wangu alisimama hapo mpaka tukaitwa mara mbili. Chumbani ndipo aliponiambia, huku akivua viatu, "Ule ukuta wa bluu. Mulango wetu ulikuwa upande wake wa kushoto." Sikumuuliza zaidi.

Jioni tulikula mezani pamoja, samaki mikebuka wa kukaanga na bukari, yaani ugali wa muhogo. Bibi arusi akaanza: "Mama, tuambie basi habari za dokta wetu. Anafanana na nani?"

Mke wangu akasema. Nilitarajia neno moja au mawili. Akasema kwamba ni mrefu kama baba yake, kwamba hapendi samaki, aibu gani kwa mjukuu wa Kalemie. Kwamba huandika kwa mkono wa kushoto na masista wa shule walijaribu kumgeuza wakashindwa. Kwamba ana kijana anayemwandikia, anadhani hatujui. Yote hayo ni kweli, ila alivyoyasema yalikuwa ya leo, ya asubuhi hii. Watu wakacheka. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Na akiingia kuoga anaimba mpaka maji ya pipa yanaisha. Hata wimbo mmoja hajui vizuri." Mke wangu akanigeukia, akacheka kwa meno yote. Nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo upande wa juu.

Sijui niseme nini juu ya usiku ule. Nililala vizuri, na nilipoamka niliogopa.

Siku ya pili walitupeleka kwenye daraja la mto Lukuga, tuone maji yanavyotoka ziwani kwenda kutafuta mto Lualaba, kisha kilimani, ambako upepo wa kusini ulipiga hadi bibi arusi akajifunga kikwembe, kile kitenge cha kiunoni, kichwani. Njia nzima yeye na mke wangu walitembea mbele, wameshikana mikono, wakizungumza habari za mtu ambaye hayupo. Sokoni mke wangu akamnunulia binti yetu kikwembe cha kijani. Alikipima mabegani mwa bibi arusi. "Yeye ni mwembamba kukuzidi kidogo," akasema, akakikunja vizuri. Mwanamke mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alituangalia kwa muda mrefu. Mke wangu akavuta kitambala, tukaondoka.

Chumbani nikamwambia, "Mama, hii tutaifanyaje? Wanaishi Lubumbashi, kama sisi. Yule bibi anataka waonane."

Alikuwa ameketi kitandani, kikwembe kipya mapajani. "Kesho kutwa tunarudi," akasema. "Uniachie kesho."

Nikamwachia.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Mpala, kwenda kuona misioni ya zamani kwa mashua ya injini. Tulikuwa uani tunakunywa chai, tunangoja upepo utulie, wakati sauti ilipoanza getini. Kwanza nilidhani ni mtu amegongwa barabarani. Kisha nikasikia maneno.

"Mutoto wangu eh! Ulimuzika bila mimi! Mujukuu wangu nimemuona wapi, mimi nimemuona wapi!"

Mama mdogo aliingia na wanawake wawili, kikwembe kimefungwa kiunoni, miguu mitupu. Alikuwa mzee kuliko nilivyomkumbuka siku ya harusi yetu. Alifika katikati ya ua akajitupa chini, kwenye saruji, na wale wawili wakajitupa pamoja naye. Mmoja wao nilimtambua: muuza ndagala.

Bibi arusi aliruka kutoka kitini. "Papa, ni nani amekufa?"

"Binti yetu," nikasema.

"Yule?"

"Ndiyo, njo yule. Mwezi wa pili."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba chakula alichokwisha kumeza kilikuwa kibovu. Mume wake akamshika bega. Mwenye hoteli akatoka mbio kutaka kunyamazisha kelele, lakini kiongozi wetu akamzuia mlangoni kwa mkono. "Muwaache, Patron," akasema, na safari hii maneno yake hayakuwa na pasi. "Ni kilio."

Mke wangu alikuwa amesimama na kikombe mkononi. Nilidhani atakimbilia chumbani. Akakiweka kikombe mezani, akavua miwani, akaenda akaketi chini, akaweka kichwa cha yule mama mzee kifuani pake. Hakulia. Alimwacha mwenzake alie.

Mashua ya Mpala iliondoka na watu watatu. Kabla hawajashuka gatini, bwana arusi alinijia. Hakuwa na hasira. "Papa, mlituambia anasoma," alisema, kama mwanafunzi anayemkumbusha mwalimu. Nikasema pole. Naye akasema pole.

Sisi tulipanda mlimani kwa pikipiki hadi kwa mama mdogo. Nyumba yake mpya ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba viwili, na kutoka mlangoni uliona chini kabisa maji yaliyomeza ile ya zamani. Wanawake walikaa kwenye mkeka, mimi nikapewa kiti karibu na ukuta. Mama mdogo akajifuta uso kwa ncha ya kikwembe, akasema, "Haya, mwanangu. Ilikuwaje?"

Akasimulia. Homa, dawa za kwanza, kitanda cha hospitali karibu na dirisha lisilofungika. Nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayafuata kama mtu anayetembea nyumbani kwake gizani. Kisha akafika asubuhi ile ya mwisho, nilipotumwa na muuguzi kwenda kutafuta dawa ambayo hospitali haikuwa nayo.

"Akafungua macho," akasema mke wangu. "Akaniuliza, Papa iko wapi? Nikamwambia, anakuja, iko njiani. Akasema, basi nimungojee. Akageukia mulango. Akangoja, akangoja."

Kuku walikuwa wakiparua nje. Mama mdogo alinitupia jicho, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mume wako alijua hii?"

"Hapana," akasema mke wangu bila kunitazama. "Sasa amejua."

Niliporudi siku ile na dawa, alikuwa amekwisha kufunikwa. Watu waliniambia ameondoka taratibu, kama aliyelala. Nililishika neno hilo miezi mitano. Nilitoka nje ya ile nyumba nikasimama nyuma, penye jiko, na yule muuza ndagala akaniletea maji ya kunawa uso. Namshukuru hadi leo.

Tulikula huko, tukakaa mpaka jua lilipopungua. Kikwembe cha kijani mke wangu alimwachia mama mdogo. Wakati wa kuagana walilia tena, safari hii wote wawili, bila kelele, paji kwa paji.

Kesho yake ndege iliondoka saa yake. Wenzetu walikaa mbele kabisa, ingawa viti vingi vilikuwa vitupu. Sikuwalaumu. Nani aliyeoa juzi atapenda kurudi nyumbani na kifo cha mtoto wa watu mfukoni? Tulipokuwa tunangoja mizigo Lubumbashi, bibi arusi alimpa mke wangu mkono. "Pole, Mama," akasema, macho kwenye sanduku lake. Akaanza kwenda, akarudi hatua moja kama mwenye jambo la kuuliza, kisha mume wake akamwita.

Wiki nzima sikuthubutu. Mwishowe, tukiwa tunachambua mchele mezani, nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

Alitoa kijiwe, akakitupa pembeni. "Nilitaka moja wetu abaki bila kuijua," akasema.

"Na kule umeisema kwa nini?"

"Mama mudogo aliuliza. Wewe hukuniuliza hata siku moja."

Ni kweli, sikumuuliza. Nilidhani nikinyamaza namhurumia.

Tangu hapo yeye amepata nguvu kidogo. Amerudi kwenye kwaya. Kila Jumapili hupiga simu Kalemie, nami siku nyingine humsikia akicheka. Mama mdogo ameomba mara mbili kumleta mjukuu wake mmoja aje kusomea huku, alale kile chumba cha binti yetu, na mke wangu amejibu, "Bado." Akiulizwa ana watoto wangapi husema, "Moja, amekufa," na sauti haitetemeki. Mimi ndiye ambaye siku hizi siwezi kulisema neno hilo. Nikienda kumtembelea mgonjwa hospitalini, hukaa upande ambao siuoni mlango. Kazini wananiambia nimekonda, na nyumbani mke wangu huniwekea bukari kubwa kuliko yake, hukaa mbele yangu, hungoja nile.