Ghala Jekundu Kwenye Picha

Tangu ujana wake Loretta Skaar alipiga makasia kwenye mto Bitterroot, kule Montana, akiwapeleka wageni kuvua samaki waitwao trauti kwa ndoana zilizofungwa manyoya zifanane na wadudu. Aliyemfundisha ni jirani yake Orrin Tvedt, mgane mwenye ulimi mkali. Ni yeye pia aliyemwonyesha mkono mwembamba wa mto nyuma ya malisho ya Dwight, rafiki wa Orrin, ambako trauti wakubwa walipanda kutaga mayai kila majani yalipoanza kuanguka.

"Nakuonyesha wewe tu," Orrin alimwambia. "Wageni wako wabaki huko huko mtoni."

Loretta akatii, miaka na miaka.

Kikaja kiangazi kimoja mto ukanywea, maji yakawa vuguvugu, samaki wakagoma kabisa. Mgeni wake siku hiyo, daktari wa meno kutoka Chicago, alikuwa amekunja uso tangu asubuhi.

"Hivi, mama, tumekuja kuvua au kuosha ndoana?"

Loretta alicheka, lakini neno lilimchoma. Akageuza mashua. Kule nyuma ya malisho maji yalitoka chemchemini, baridi, na haikupita muda daktari akanasa trauti mnene, akapigwa naye picha kabla ya kumwachia.

"Nakuomba, usimwambie mtu ni wapi," Loretta alisema.

Daktari hakumwambia mtu. Aliitundika picha mtandaoni tu, na ghala jekundu la Dwight likionekana wazi nyuma ya bega lake.

Kufikia majira ya kutaga, watu walikuwa wamejaa pale, wakikanyaga changarawe zenye mayai kwa mabuti yao. Orrin alikwenda kuangalia samaki wake, akarudi moja kwa moja jikoni kwa Loretta.

"Dwight kaniuza! Kawafungulia geti watu wa mjini. Mtu niliyembebea mama yake hadi kaburini!"

Loretta alikuwa na birika la kahawa mkononi. Angeweza kusema pale pale. Badala yake akammiminia kikombe, akasema, "Watu hubadilika." Maneno yalipomtoka alitamani kuyameza.

Orrin hakumsalimia tena Dwight. Theluji ilipoanza, Dwight alileta kuni kama kila mwaka, na mzee akamfukuza nazo, mke wa Dwight akiwa amekaa ndani ya gari anasikia kila neno. Loretta aliona yote dirishani. Chakula kikamshinda. Kesho yake alivuka theluji hadi kwa Orrin, akamkuta mezani akifunga manyoya kwenye ndoana.

"Siyo Dwight," alisema kabla hata ya kuvua koti. "Ni mimi. Nilimpeleka mgeni."

Vidole vya mzee vikasimama. "Na jana? Uliniona nikimfukuza?"

"Nilikuona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Orrin aliweka ndoana chini. "Samaki ningekusamehe, Loretta. Hilo la jana sijui." Akainuka, akachukua kofia. "Twende. Utasema wewe."

Walipofika kwa Dwight, Loretta alisema yote akiwa amesimama mlangoni, huku mke wa Dwight akimkazia macho. Dwight akajikuna shingo.

"Sasa kuni nizilete, au na hizo mtasema nimeziiba?"

"Zilete, mpumbavu wewe," Orrin akasema, wakashikana mikono. Loretta alitazama viatu vyake.

Majira ya kuchipua Orrin alipanda tena mashua ya Loretta. Alimtania namna anavyopiga makasia, wakala mikate yao ya nyama, wakavua kwenye mto mkubwa ambako kila mtu huvua. Ule mkono wa mto hakuutaja. Baadaye yeye na Dwight wakajenga uzio pale, wawili tu. Loretta alisikia nyundo zao akipita na wageni, akakaza makasia.